Mkono Ndani ya Pango la Popo

Chumba cha Diski
Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpenzi, Sufuria,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya yote nakuuliza hali. Mgongo umepona? Unalala? Unakula, au unawapikia wenzio na wewe unabaki kunusa mvuke? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Shemeji yako anashona kutwa na kulalamika kutwa, ndiyo dalili yake ya afya.

Sasa tafuta mahali ukae kabla hujasoma mstari unaofuata.

Mkeo amejifungua Jumanne asubuhi, mtoto wa kiume, mzima, mama mzima. Mimi ndiye niliyempokea mikononi baada ya mkunga. Ana masikio yako, Mungu amsamehe. Wifi anakuambia usihangaike, maliza kazi, mtoto hakimbii. Kwa hiyo wewe sasa ni baba, na mimi ni shangazi, na nimeshaanza kuwa mkali.

Habari ya pili ni ya kazi yangu. Ulipoondoka niliendelea kufagia ofisi hii ya filamu kama kawaida. Siku moja nilisimama na ufagio mbele ya kioo cha picha, wenye ofisi wanaangalia pundamilia, nikasema tu kwa mdomo wangu mbaya, "Yule wa tatu ana mimba na haendi mbali." Mhariri, yule binti wa miwani mikubwa, akageuka. Walipoendelea kuangalia, pundamilia wa tatu akalala chini akazaa. Basi kesho yake ufagio alipewa mtu mwingine, mimi nikapewa kiti.

Kazi yenyewe ni hivi. Kamera za kambi zote zinaleta diski. Mimi nazitazama zote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata kama hakuna kinachotokea, na ninaandika kwenye daftari: diski namba fulani, dakika fulani, kinaonekana nini. Wao wakitaka picha wanasoma daftari langu. Nimetia sahihi karatasi inayosema nitaandika chote nilichokiona, sitapunguza wala kuongeza. Wengine wanatia sahihi kama kupokea barua ya posta. Mimi nilisema Bismillah kwanza. Kwangu kile ni kiapo.

Mfululizo wenyewe utaitwa *Wote Tumenyonya*, sehemu sita, na wote ni wanyama wanaonyonyesha. Sufuria, mimi na darasa la saba langu nilijua ng'ombe na mbuzi. Juzi nimemwona nyangumi akinyonyesha. Maziwa yake ni mazito kama dawa ya meno, ili yasipotee baharini. Nilisema Subhanallah kwa sauti mpaka binti wa miwani akaja mbio kuuliza kama nimejibana kidole. Na kumbe popo ananyonyesha! Miaka hamsini na moja nimeishi nikidhani popo ni ndege aliyekosa adabu.

Mtunze huyo popo wenu. Na ujitunze wewe, kazi ya kambi nilikuombea kwa jina langu, usiniangushe.

Dada yako

---

Kambi ya Pango
Tarehe 6 Machi

Dada mpendwa,

Salamu zako zimefika, na habari. Barua niliisoma jana mchana nikiwa nakata kitunguu, basi nikalia na wenzangu wakasema ni kitunguu, nikawaacha waseme. Nimeikunja nimeiweka mfukoni mwa shati. Mtoto wa kiume! Mwambie mkeo, samahani, mwambie mke wangu, nampongeza, na masikio yatakua yafanane na kichwa, yangu yalichukua miaka thelathini.

Unaniuliza hali. Tuko wanane, mahema manne, jiko langu liko chini ya turubai. Mkubwa wetu ni mpiga picha tunayemwita Nusu Saa, kwa sababu akiingia pangoni husema "nusu saa tu" na hutoka kesho. Msaidizi wake kifua kilimkataa, harufu ya mle ndani inachoma kama kachumbari ya siki iliyokaa mwaka. Kwa hiyo tangu Februari mimi mpishi ndiye ninayebeba betri kuingia nazo kila magharibi. Nikitoka narudi kwenye sufuria zangu.

Dada, nikueleze nilichokiona. Jua likizama akina mama wote wanatoka pangoni kwenda kutafuta chakula, wanatoka kama moshi wa tanuri, nusu saa ya kweli, hawaishi. Watoto wanabaki ukutani, wekundu, hawana manyoya, kama tangawizi iliyomenywa. Kwenye sehemu ya mkeka mmoja wa kulalia wapo zaidi ya elfu. Halafu mama anarudi gizani na anampata wa kwake. Kati ya hao wote. Nusu Saa anasema hakuna aliyewahi kupiga picha ya jambo hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo sababu tumekaa hapa mwezi mzima tukinuka.

Mdomoni mwa pango kuna ubao umeandikwa HATUGUSI. Ni amri ya mkurugenzi mwenyewe, Mzee Kimya. Dereva aliyekuwa hapa kabla yangu alimrushia komba ganda la ndizi. Ganda tu, dada, hata ndizi yenyewe hapana. Alirudishwa siku ileile.

Wewe unayeona mengi nijibu jambo moja. Mtoto akishikwa na mtu mwingine, mama yake anaweza kumkataa? Kwa harufu tu? Nauliza tu. Usimwulize mtu. Leo nimenawa mikono mara saba.

Ndugu yako,
Sufuria

---

Chumba cha Diski
Tarehe 18 Machi

Sufuria,

Hujambo? Maana mimi ulinipandisha presha.

Nimesoma swali lako mara tatu. Mama kumkataa mtoto! Nikavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia nikaenda kwa mkeo bila hata kupiga hodi. Nikamkuta amekaa kitandani, mtoto ziwani. Nikamwuliza, "Wifi, nani kamshika huyu mtoto?" Akaniambia, "Kwani hajashikwa na nani? Mtaa mzima umeshamshika, hata muuza mkaa." Nikamwuliza, "Na wewe humwoni tofauti? Humsikii harufu?" Akavitazama viatu vyangu. "Wifi," akasema, "kaa chini unywe maji."

Nilipomweleza kwamba ni wewe uliyeuliza, alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa akaanza kulia. Anakuambia hivi: "Mwambie baba yake ananyonya kama pampu ya kisima, na baba mtu aache kuota akiwa macho." Basi. Kama kuna mtu amekuletea maneno huko, mwambie shangazi wa mtoto bado yuko hai.

Kunawa mara saba ni vizuri kwa mpishi.

Sasa nikupe kitu cha kukutoa hofu. Fundi wa sauti alinivisha vidude vya masikioni akanisikilizisha popo wako. Sauti zao ni nyembamba mno, sikio la binadamu halizifikii, kwa hiyo yeye anazipunguza mwendo. Nilidhani nitasikia milio tu. Ndugu yangu, kila mtoto ana mwito wake! Mmoja anapanda mwishoni, mwingine anakatika katikati, mwingine ana mtetemo kama mzee anayesoma bila miwani. Maelfu, na hakuna wawili wanaofanana. Na mama naye anajibu kwa mwito wake. Na sisi tulikuwa tunapita chini ya mapango hayo tukisema, kimya kilioje. Nilivua vile vidude nikaenda kuswali, maana sikujua kitu kingine cha kufanya.

Kesho naanza diski za ukuta wenu. Zimefika arobaini, zimepangwa mezani kama mikate.

Dada yako

---

Kambi ya Pango
Tarehe 20 Machi

Dada,

Sijambo. Sikuwa namzungumzia mke wangu, mwombe radhi, na mwambie maji hayo na mimi nayahitaji.

Hivi diski za pango unazitazama zote? Hata zile za magharibi, wakati wa kubadilisha betri? Maana mimi najua taa nyekundu ikizimika kamera imelala. Au sivyo? Nauliza tu.

Chakula kinaungua. Nitaandika zaidi gari likirudi.

Sufuria

---

Chumba cha Diski
Tarehe 1 Aprili

Ndugu yangu wa tumbo moja,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, na inakukuta peke yako. Ikiwa kuna mtu karibu, ikunje kwanza.

Kamera zile zina betri mbili. Ukitoa moja, ya pili inashika. Taa nyekundu inazimika, jicho halifumbi.

Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye diski ya kumi na saba, ya tarehe tano Machi. Akina mama wameshatoka, watoto wanatetemeka ukutani, taa ikayumba kidogo, nikajua betri inabadilishwa. Dakika ya arobaini na moja mkono ukaingia kwenye picha kutoka chini. Mkono wa kulia. Umeshika mtoto wa popo kwa vidole vitatu. Kidole gumba kina kovu lililopasua ukucha mara mbili. Mimi ndiye niliyekuponda kile kidole kwa mchi, una miaka sita, nami nikachapwa kwa ajili yake. Hata ungevaa glavu ningekujua.

Nilisimamisha picha. Nikashika kalamu. Sikuandika.

Sasa ni siku ya sita mstari ule uko mtupu. Juu yake nimeandika, chini yake nimeandika, katikati pameachwa kama jino lililong'oka. Binti wa miwani aliniuliza, "Mama, mbona hapa umeruka?" Nikamwambia macho yalikuwa yanauma. Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika kazi hii, na niliusema kwa urahisi ulionitisha.

Mzee Kimya anakuja tarehe kumi na mbili kuchagua picha. Atasoma daftari langu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Nikiandika, nakufukuzisha kazi niliyokutafutia, na mkeo ana mtoto mchanga. Nisipoandika, nimekula kiapo cha bure mbele ya Mungu, na daftari lote halina maana tena, kwa sababu kama nimeficha moja, nani atajua sikuficha kumi? Nimeswali nikasubiri jibu. Jibu limekuwa kwamba nikuulize wewe kwanza.

Kamera inatazama ukuta tu, sakafu haionekani. Kwa hiyo kilichotokea kabla ya mkono unakijua wewe peke yako. Na kilichotokea baada yake nakijua mimi peke yangu, maana wewe ulikuwa umeshatoka. Nipe nusu yako, ndugu yangu, bila chumvi. Kisha mimi nitakupa yangu.

Sijakasirika. Wallahi sijakasirika. Niandikie.

Dada yako

---

Kambi ya Pango
Tarehe 3 Aprili

Dada yangu,

Nashukuru umeniuliza kabla ya kuandika. Nimeisoma barua yako nyuma ya jenereta, na nusu yangu ni hii.

Sakafu ya lile pango inatembea. Kuna wadudu weusi, wadogo kama punje za uwele, hawahesabiki. Mtoto akianguka wanamfikia. Februari nilimwona mmoja akianguka mbele ya kiatu changu. Niliukumbuka ubao, nikasimama. Kwa muda wa kuchemsha yai, mtoto hakuwepo tena. Nilirudi jikoni nikapika, wakasema wali wa leo una chumvi mbili. Sikuwaambia. Sikukuandikia na wewe.

Tarehe tano Machi gari lilikuja mchana na barua yako. Nikaisoma. Magharibi nikabeba betri nikaingia, barua iko mfukoni hapa. Nikachomoa betri, taa nyekundu ikazimika, nikasikia kitu kimedondoka, kidogo sana, kama kokwa ya tende. Nikamulika chini. Alikuwa amelala chali, dada. Mbawa zake bado ni kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Alikuwa anafungua mdomo na mimi sisikii kitu. Wadudu walikuwa wameshageuka upande wake.

Sikufikiri. Ningekuambia nilipima, nilikumbuka sheria, nikaamua, lakini ningekuwa nakudanganya. Niliinama tu kama ninavyookota kijiko. Nikamweka ukutani, juu ya pale alipoangukia, akashika jiwe. Alikuwa na joto. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, kitu kidogo vile kuwa na joto lote lile.

Nilipotoka nje ndipo nikanusa vidole vyangu. Nilikuwa nimekata vitunguu kilo mbili za mchuzi wa jioni, sikunawa. Nikakumbuka Nusu Saa alivyotuambia, mama anamjua mwanawe kwa sauti na kwa harufu. Basi nikaona nimemwokoa kwa wadudu nikamuua kwa kitunguu. Kesho yake niliingia, ukuta umejaa, wote ni tangawizi, sikumjua ni yupi, na sakafuni hakuna hata mfupa. Tangu siku hiyo nikikata kitunguu mkono unasita. Hiyo ndiyo sababu niliuliza lile swali, na wewe maskini ukamkimbilia mke wangu.

Kuhusu daftari, andika. Nimekaa nimefikiri maneno mengine, nikayaona yote yananifaa mimi peke yangu. Wewe ulikuwa unafagia, ukapewa kiti kwa sababu ya macho yako. Siwezi kukuomba uyafumbe. Mtoto atakula, baba yake ana mikono miwili, popote pana jiko.

Ila nusu yako usininyime. Niambie aliishi au alikufa. Hata kama ni vibaya, niambie.

Ndugu yako,
Sufuria

---

Chumba cha Diski
Tarehe 15 Aprili

Sufuria wangu,

Salamu nitakupa baadaye. Aliishi.

Vuta pumzi, kisha usome taratibu, maana nimeuona mkono wa Mungu ukifanya kazi kwenye kioo cha inchi ishirini na nne na sijui kama nitaweza kueleza.

Unamweka ukutani. Unaondoa vidole kimojakimoja, kama mtu anayeweka yai juu ya meza isiyo sawa. Kisha kwa muda wa saa nne na dakika kumi hakuna kitu. Nimezitazama zote, sikuruka hata dakika moja. Anafungua mdomo, anafumba. Wenzake wanamkanyaga. Anafungua tena.

Halafu wakaanza kurudi. Mama mmoja akatua karibu naye, akasogea kwa viwiko, akapeleka pua. Akajirudisha nyuma kwa ghafla, kama mtu aliyefunua chungu kilichochacha. Akaruka akaenda zake. Leo najua kilikuwa kitunguu. Wakati huo sikujua habari ya kitunguu, nilisema tu amemkataa, na nikakumbuka swali lako. Hapo ndipo nilipoelewa ulikuwa unauliza nini.

Akarudi. Ni yeye, ana mchano kwenye sikio la kushoto. Akanusa, akaondoka tena. Sasa akaanza kupita kwa watoto wa wenzake. Ndugu yangu, nilimhesabia. Mia moja na kumi na wawili. Ananusa, anaacha, ananusa, anaacha. Wote wana njaa, wote wanafungua midomo, mwingine anamrukia kifuani aibe, anamsukuma kwa bawa. Maziwa yamemjaa, na hampi mtu. Unajua mtoto wa popo akizaliwa ana uzito wa robo ya mama yake? Ni kama mimi nizae mtoto wa kilo ishirini, nimbebe, kisha nimpoteze sokoni gizani, na soko zima ni watoto.

Mara ya tatu akatua juu ya wako. Hakunusa. Akatulia, akageuza lile sikio lenye mchano. Fundi wa sauti amenipunguzia mwendo kipande hicho nikakisikia. Mtoto anaita, mwito wake unapanda mara mbili na kukatika. Mama anaita. Mtoto anaita. Pua inamwambia si wako, sikio linamwambia ni wako, naye amekaa katikati ya pua na sikio. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, tunausema kila siku, mimi sikuwahi kuuona kwa macho.

Akaanza kumlamba. Kichwani, mgongoni, kwenye mikunjo ya mbawa, chini ya kwapa. Dakika kumi na moja. Alikuwa anaufuta mkono wako, Sufuria, kwa ulimi, kidogo kidogo, mpaka akamkuta mwanawe chini yake. Kisha akafungua bawa akamfunika, na mtoto akanyonya. Nilikuwa nimeuma mtandio wangu bila kujua, ulikuwa umelowa.

Nisamehe nilikuficha haya wiki mbili. Nilitaka ukweli wako uje kwa miguu yake, usibebwe na habari njema.

Barua yako ilifika tarehe nne. Niliswali, nikaketi, nikajaza mstari. Nimeandika hivi: "Diski 17, dakika 41. Mkono wa mtu unamweka mtoto ukutani. Ni mkono wa ndugu yangu, mpishi wa kambi." Kisha nikamwendea binti wa miwani nikamwambia macho yangu hayakuwa yanauma siku ile. Akasema, "Najua, Mama. Ulikuwa unalia."

Mzee Kimya akaja tarehe kumi na mbili kama alivyoahidi. Ni mtu mfupi, ana sweta lenye kiraka kwenye kiwiko. Alisoma daftari kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika pale kidole kikasimama.

"Ndugu yako wa kuitana tu au wa kuzaliwa?"

"Wa kuzaliwa, Mzee. Tumbo moja."

"Na ukaandika."

"Niliacha tupu siku tisa. Kisha nikaandika."

Aliomba diski. Aliitazama yote, hata zile saa nne, amesimama, hakukaa. Mama alipofungua bawa nilimwona Mzee anashika ukingo wa meza. Akasema, "Rudisha." Tukarudisha. Mara tatu.

Binti wa miwani akamwambia kwa upole, "Tunaweza kuanzia dakika ya arobaini na mbili. Mkono unakuwa haupo. Hakuna atakayejua."

Mzee akanionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu anajua."

Kisha akanigeukia. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza: "Miaka thelathini nawaambia watu wasiguse. Si kwa ubaya. Ukigusa, hujui tena ulichokiona ni cha kwao au ni chako. Ndugu yako haingii pangoni tena. Msimu huu akimaliza, kambi inayofuata, ile ya kupiga picha za fuko, hatakwenda, wala nyingine yoyote. Kupika aendelee, maana nikimpa Nusu Saa jiko nitazika watu saba."

Nilisema ahsante. Najua ulikuwa unaisubiri kambi ya fuko. Pole, ndugu yangu. Kalamu ni yangu, na maumivu haya nimekupa mimi, na nayabeba pamoja nawe.

Nikauliza, "Na picha, Mzee?"

"Itakwenda yote. Mkono ukiwa ndani. Kama tunaonyesha alichokifanya yule mama, lazima tuonyeshe alikuwa anafuta nini." Akavua miwani akaifuta na sweta. "Lakini mtazamaji atauliza mkono ule ulitoka wapi na kwa nini. Sitaki maneno ya mwandishi wangu. Aandike yeye mwenyewe. Karatasi moja. Itasomwa juu ya picha, kama ilivyo."

Barua yako ya tarehe tatu sikumwonyesha. Ile uliniandikia mimi, na itakaa kwenye sanduku langu. Kwa hiyo andika nyingine. Usitafute maneno makubwa, na usijitetee. Jina lako halitatajwa, hilo nalo amelisema.

Mkeo mzima, mtoto ameanza kucheka na ukuta. Nilimsimulia mkeo habari yote. Akamnusa mtoto kichwani.

Mimi nimefika kwenye diski za gari lililopita. Watoto wameota manyoya, wengine wameanza kupiga mbawa wakiwa bado wameshika jiwe. Nimemtafuta wako, siwezi tena kumtambua. Wapo maelfu, na mmoja wao ni yeye, na mama yake peke yake ndiye anayejua yupi.

Sauti inarekodiwa mwisho wa mwezi, na gari hili linalala hapo kambini usiku mmoja tu. Tafadhali andika ile karatasi ya Mzee, na mimi nijibu upesi, kwa gari hilihili.

Dada yako